Mikono Iliyoufungamanisha Uchumi wa Dunia

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa waalikwa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maana ya utandawazi, nami naomba nianze na neno lenyewe. Ndani yake tunasikia mambo mawili, kutanda na uwazi: kitu kilichoenea kama wingu linavyotanda, na kitu kisicho na pazia. Ni neno zuri, na limekaa vyema katika lugha yetu kiasi kwamba leo hata asiyefuatilia mambo ya uchumi hulitumia bila kusita. Hata hivyo lina jambo moja linalonisumbua. Wingu hutanda lenyewe. Hakuna aliyelituma, na likileta gharika hakuna wa kuulizwa. Ndivyo tulivyozoea kuuzungumzia utandawazi: umekuja, umetufikia, umetuvamia, haukwepeki. Nimewasikia viongozi wakiufananisha na upepo na wasomi wakiufananisha na mafuriko, na kila mara nimejiuliza mfano huo unamfaa nani, maana mafuriko hayapelekwi mahakamani.

Ninachotaka kukieleza ni kwamba uchumi wa dunia umefungwa pamoja na watu, fundo baada ya fundo, na kwamba karibu kila fundo lina tarehe yake, mahali pake na wahusika wake. Anayetaka kujua kwa nini fundo lilelile linambana mmoja na kumlegezea mwingine hana budi kulisogelea alione lilivyofungwa.

Tuelewane kwanza juu ya maana. Wachumi wanapotaja uchumi uliofungamana hawazungumzii nchi kuuziana tu. Kuuziana ni kwa kale. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji mkubwa wa biashara. Vipande vya vyombo vya kauri vya China vimefukuliwa katika magofu mengi ya pwani ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1944 sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Biashara hiyo iliendeshwa na kusi na kaskazi, na aliyepitwa na msimu alingoja msimu mwingine. Lakini kilichobebwa kilikuwa kitu kizima, sahani iliyokamilika kule ilikochomwa, dhahabu iliyochimbwa na kusafishwa, kitambaa kilichofumwa tayari. Na mkulima wa bara hakupata hasara kwa sababu mavuno yamekuwa mazuri upande wa pili wa bahari. Uchumi unafungamana pale ambapo bei za mahali mbalimbali zinaanza kuvutana, pale mtaji unapoweza kuhama kwa siku moja, na pale kitu kimoja kinapotengenezwa na nchi kadhaa bila hata moja kuweza kukimaliza peke yake.

Mvutano huo wa bei ulianza kuonekana waziwazi katika karne ya 19. Mwaka 1866 waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya Atlantiki ulianza kufanya kazi bila kukatika, na habari ya bei ya pamba, ambayo kabla ya hapo ilivuka bahari kwa meli kwa muda wa siku kumi hivi, ikawa inafika siku hiyohiyo. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa. Wengi huuita wakati huo, hadi mwaka 1914, utandawazi wa kwanza, na wanauandika kwa maneno ya kuvutia sana kuhusu mvuke na chuma. Naomba tusisahau upande wake wa pili. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, ulioilazimisha China ifungue bandari tano kwa biashara ya Waingereza, ulitiwa saini baada ya vita na ndani ya manowari ya Kiingereza. Mashamba ya mazao ya kuuza nje yaliyoenea Afrika na Asia hayakuenea kwa mapenzi ya soko. Yalienea kwa kodi ya kichwa, kwa kazi ya shuruti na kwa mtutu wa bunduki. Fundo lililofungwa hivyo halifunguki kwa sababu bendera imebadilishwa. Nchi iliyopangiwa kuuza zao moja ghafi mwaka 1910 mara nyingi ilikuta reli zake, bandari zake na viwanda vyake vyote vimejengwa kwa ajili ya zao hilo ilipopata uhuru.

Utandawazi huo wa kwanza ulivunjika. Hili ni muhimu kwa yeyote anayeamini kwamba jambo hili haliwezi kurudi nyuma. Vita vya mwaka 1914 vilikata mikopo na njia za bahari, na kabla majeraha hayajapona, Marekani ilipitisha mwaka 1930 sheria ya ushuru inayojulikana kwa majina ya walioiwasilisha, Smoot na Hawley, na nchi nyingine zikalipiza kwa ushuru wao. Biashara ya dunia ilikuwa tayari imeumizwa na mdororo mkuu wa uchumi. Ikaendelea kuporomoka hadi thamani yake mwaka 1933 ikawa karibu theluthi moja tu ya ile ya mwaka 1929.

Kizazi kilichoyaona hayo ndicho kilichokutana Bretton Woods, Marekani, Julai 1944, kikaunda Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Nchi 44 ziliwakilishwa. Kutoka bara zima la Afrika zilikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho iliongozwa na serikali ya Wazungu wachache. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa bado makoloni. Kura katika Shirika la Fedha ziligawanywa kwa kufuata uzito wa uchumi na mchango wa kila nchi, na hadi leo maamuzi makubwa zaidi yanahitaji asilimia 85 ya kura zote, ilhali Marekani peke yake inashika zaidi ya asilimia 15. Sina haja ya kuongeza neno hapo. Kila mmoja anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1947, nchi 23 zilitia saini mjini Geneva mkataba wa jumla kuhusu ushuru na biashara, ule ambao baada ya duru nyingi za mazungumzo ulizaa Shirika la Biashara Duniani, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1995.

Mikataba ilishusha ushuru, lakini kuna kitu kingine kilichoshusha gharama ya umbali, nacho ni kitu ambacho kila mmoja wetu amekipita barabarani bila kukitazama. Nataka tukitazame.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya mafuta iliyokuwa imefanyiwa marekebisho, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa na kampuni ya malori na alichoka kuona madereva wake wakingoja bandarini. Wakati huo shehena ilipakiwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, kwa mabega ya makuli, na meli iliweza kulala gatini wiki nzima. Kupakia tani moja kwa namna hiyo kuligharimu karibu dola 6. Kupakia tani moja kwenye Ideal X kuligharimu senti 16 hivi.

Sasa likaribie kontena lolote, utazame pembe zake. Kila pembe ina kipande kizito cha chuma chenye matundu marefu kidogo, ya mviringo uliobanwa. Ndani ya tundu huingia kichwa cha chuma, huzungushwa robo ya mzunguko, na tangu hapo kontena limekamatwa, ama na kreni, ama na lori, ama na behewa, ama na kontena lililo chini yake. Matundu hayo yako mahali palepale na yana kipimo kilekile katika kila bandari duniani, na ndiyo maana sanduku lililofungwa mlango ng'ambo moja linafunguliwa ng'ambo nyingine bila mkono wa mtu kugusa kilichomo. Kipimo hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Wenye meli, wenye reli, watengenezaji na wahandisi walibishana juu yake miaka mingi katika miaka ya 1960, kwenye kamati za Marekani na kwenye Shirika la Kimataifa la Viwango, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshatumia fedha nyingi kujenga masanduku ya vipimo vyake. Na makubaliano yalirahisishwa na hatua ya kampuni ya McLean kuachia hataza ya pembe hizo, yaani haki ya uvumbuzi wake, ili wengine wazitumie bila malipo. Kamati za namna hiyo hazina mvuto wa kusimuliwa, lakini sijui tukio lolote la karne iliyopita lililobadili kazi za watu wengi zaidi kwa kelele kidogo zaidi.

Makuli, bila shaka, hawakuwa na kiti kwenye kamati hizo. Katika gati za kale za London, ambazo kwa vizazi viwili vitatu zililisha maelfu ya familia, kufungwa kulianza mwaka 1967 na gati za mwisho za eneo hilo zikafungwa mwaka 1981, kazi ikiwa imehamia Tilbury na Felixstowe kwenye nafasi ya kuegesha makontena. Bei za bidhaa zilishuka kwa mamilioni ya wanunuzi, kila mmoja akaokoa kidogo asiweze hata kukitambua. Hasara iliwaangukia watu wachache, katika mitaa inayojulikana, nayo ilikuwa ni mshahara wote. Naomba muibebe picha hiyo, kwa sababu inajirudia karibu kila mahali ambapo uchumi umefungamana: faida husambaa ikawa nyembamba, hasara hukusanyika ikawa nzito.

Leo zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi, kwa ujazo, husafiri baharini, na meli kubwa kuliko zote hubeba zaidi ya makontena 24,000 ya futi 20. Urahisi huo ndio uliowezesha kukigawa kiwanda kimoja vipande vipande na kuvitawanya duniani. Mwaka 2010 watafiti Yuqing Xing na Neal Detert waliipima simu moja maarufu ya Kimarekani iliyokuwa ikiunganishwa China. Gharama yake ya kiwandani ilikuwa karibu dola 179. Vipuri vilitoka Japani, Ujerumani, Korea Kusini, Marekani na kwingineko. Kazi ya kuiunganisha nchini China iligharimu dola 6.50. Hata hivyo, kwenye vitabu vya forodha, simu nzima ya dola 179 iliandikwa kuwa mauzo ya China kwa Marekani, na wanasiasa wakagombana kwa kutumia tarakimu hiyo. Maneno kama «bidhaa ya China» au «bidhaa ya Marekani» yamebaki midomoni mwetu ilhali kitu chenyewe hakina tena uraia mmoja.

Kufungamana kwa namna hiyo kuna udhaifu wake, na tuliuona Machi 2021, meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama katika mfereji wa Suez ikauziba kwa siku sita. Viwanda vya mbali ambavyo havikuwa na hisa hata moja kwenye meli hiyo vilikosa vipuri. Siwezi kulirefusha hilo, linajieleza.

Nitakaa zaidi kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo mfano wa upepo unapotumika vibaya zaidi. Katika miaka ya 1990 nchi kadhaa za Asia zilihimizwa kufungua milango ya mtaji, na Thailand ilifungua. Fedha za muda mfupi zikamiminika, zikakopeshwa kwenye majengo na viwanja, huku sarafu ya baht ikiwa imeshikizwa kwenye dola kwa kiwango cha karibu baht 25. Wawekezaji walipoanza kuingiwa na shaka, benki kuu iliitetea sarafu hadi akiba yake ya fedha za kigeni ikakauka, na tarehe 2 Julai 1997 ikaiachia. Kufikia Januari iliyofuata ilihitajika zaidi ya baht 50 kupata dola moja. Moto ukarukia Indonesia na Korea Kusini. Rupia ya Indonesia, iliyokuwa karibu 2,400 kwa dola, ilipita 10,000 mwanzoni mwa mwaka 1998, na kampuni zilizokuwa zimekopa kwa dola zikajikuta deni limezidi mara nne bila kukopa hata senti ya ziada. Bei za chakula zikapanda, watu wakaingia barabarani, na Mei mwaka huo Rais Suharto, aliyekuwa madarakani kwa zaidi ya miaka 30, akajiuzulu.

Wakati ule tuliambiwa kwamba masoko yametoa hukumu yake. Lakini Malaysia, Septemba 1998, iliweka vizuizi vya kuhamisha mtaji nje, ikalaumiwa vikali, na haikuangamia. Na mwaka 2012 Shirika la Fedha la Kimataifa lenyewe likatoa msimamo mpya unaokiri kwamba katika mazingira fulani nchi inaweza kuzuia mtaji kuingia au kutoka. Miaka 14 ilipita kati ya hatua ile na msimamo huu. Kama tungekuwa tunazungumzia upepo, shirika lisingekuwa na msimamo wa kubadilisha. Upepo hauna sera. Waliopoteza kazi Bangkok na Jakarta mwaka 1998 waliumizwa na kanuni ambayo baadaye wenyewe walioitetea waliilegeza.

Mtu anaweza kuniuliza kama basi nataka milango ifungwe. La, sitaki, na nisingekuwa mkweli nikinyamazia yaliyopatikana. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya wanadamu waliishi katika ufukara uliokithiri kwa kipimo cha Benki ya Dunia. Kufikia mwaka 2019 walikuwa chini ya asilimia 10. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ilitokea China, nchi iliyotumia masoko ya dunia kwa nguvu kuliko nyingine yoyote na kujiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Ni kweli pia kwamba China haikufungua kila kitu kwa pamoja. Iliidhibiti mitaji, iliwapa wawekezaji masharti, ilichagua ni mlango gani ufunguliwe na lini. Mamia ya mamilioni ya watu waliotoka kwenye njaa ni hoja nzito ya kuunga mkono uchumi uliofungamana, na ni hoja nzito vilevile ya kuunga mkono haki ya kila nchi kuchagua mwendo wake.

Tatizo ni kwamba haki hiyo haigawanywi sawa, na pamba ni shahidi mzuri. Mwaka 2003 nchi nne, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka malalamiko katika Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku wanazopewa wakulima wa pamba katika nchi tajiri, hasa Marekani, zinashusha bei ya zao ambalo mamilioni ya wakulima wao hulitegemea kwa jembe la mkono. Mkutano wa mawaziri wa Cancun, Septemba mwaka huo, ulivunjika, na pamba ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyouvunja. Brazili, yenye wanasheria na fedha za kuendesha kesi ya miaka mingi, ilifungua kesi juu ya ruzuku hizohizo ikashinda mwaka 2005. Benin na Chad ziliingia kama wahusika wa pembeni. Mwishowe, mwaka 2014, Marekani ilikubali kuilipa Brazili dola milioni 300 kumaliza ugomvi. Nchi zile nne za Afrika hazikuwa sehemu ya malipo hayo. Kanuni ilikuwa moja, kosa moja, na madhara yaliwaangukia wote. Fidia ikamfuata aliyeweza kumlipa wakili.

Nataka sasa niwapeleke kwenye jengo moja, kwa sababu tunaposema mnyororo wa ugavi tunaweza kusahau kwamba kila pete yake ina mtu ndani. Jengo la Rana Plaza lilikuwa Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Lilikuwa na ghorofa nane, za juu zikiwa zimeongezwa bila kibali, na viwanda kadhaa vya nguo vilivyokuwa vikishona kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana ukutani na kwenye nguzo. Benki iliyokuwa chini ikawaambia wafanyakazi wake wasije kesho yake. Washonaji, wengi wao wanawake vijana, waliambiwa warudi kazini. Jumatano asubuhi walisimama nje wakisita. Waliokuwa na shaka walikumbushwa habari ya mshahara. Umeme ulikatika, jenereta nzito zilizowekwa ghorofani zikawashwa, jengo likatetemeka, na kabla ya saa tatu asubuhi likaporomoka lote. Watu 1,134 walikufa, na zaidi ya 2,000 walitolewa wakiwa majeruhi.

Nimesoma maelezo mengi juu ya siku ile, na kinachonikaa rohoni ni ile benki. Nyufa zilikuwa zilezile kwa wote. Watu wa jengo moja walitenganishwa na swali la nani anaweza kumudu kupoteza siku moja. Kiwanda kilichochelewesha oda kingelipa faini au kupoteza mteja. Mteja alikuwa na tarehe ya kuingiza nguo dukani. Kila mmoja kwenye mnyororo alimsukumia wa chini yake ule uharaka, hadi ukamfikia asiye na wa kumsukumia. Tarehe ya kufikisha mzigo ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba. Hali ya nguzo haikuandikwa.

Baada ya maafa, vyama vya wafanyakazi na makampuni mengi ya nguo, hasa ya Ulaya, vilitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto nchini Bangladesh, nayo yalikuwa na meno: yalimfunga mnunuzi kisheria, yaliweka wakaguzi huru, na ripoti za ukaguzi zikachapishwa kiwanda kwa kiwanda kila mtu azione. Maelfu ya kasoro zilirekebishwa, milango ya kufungwa kwa kufuli ikaondolewa, nguzo zikaimarishwa. Nguo hazikuacha kusafiri, na bei yake madukani haikupaa.

Badiliko la namna hiyo lilishatokea kwenye dawa. Mkataba wa haki miliki uliokuja pamoja na Shirika la Biashara Duniani ulizitaka nchi wanachama kulinda hataza za dawa kwa miaka 20. Mwanzoni mwa mwaka 2001 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kutafuta dawa nafuu. Februari mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba inaweza kuliuzia shirika la misaada la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu za namna hiyo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Aprili, chini ya hasira ya dunia nzima, kesi ile ikaondolewa mahakamani. Novemba, mjini Doha, mawaziri wa biashara wakatamka kwamba mkataba huo hauzuii na haupaswi kuzuia nchi kuchukua hatua za kulinda afya ya umma. Ni sentensi fupi, lakini wapo watu wanaotembea leo kwa sababu iliandikwa. Ilipokuja korona, India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 kwamba kanuni za hataza zilegezwe kwa chanjo na dawa. Jibu lilipatikana Juni 2022, likiwa limepunguzwa sana, wakati nchi tajiri zilishamaliza kuchanja watu wake.

Kuna mlango mmoja ambao haukufunguliwa kama mingine. Bidhaa huvuka mipaka, mtaji huvuka kwa kubofya, lakini mtu anayetafuta kazi husimama kwenye foleni ya viza. Wale wanaofanikiwa kuvuka hutuma nyumbani fedha zinazozidi uwekezaji wote wa moja kwa moja unaoingia katika nchi nyingi maskini, na kwa wastani wa dunia hukatwa karibu asilimia 6 ya kile wanachotuma. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara makato huwa makubwa zaidi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kuyashusha hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Benki hiyohiyo inayowakata hao inahamisha mamilioni ya mwekezaji kwa ada isiyoonekana hata kwa darubini.

Siku hizi mafundo mengine yanafunguliwa, na si na wanyonge. Tangu mwaka 2018 Marekani na China zimekuwa zikitozana ushuru mzito. Baraza la rufaa la Shirika la Biashara Duniani, lile lililoipa Brazili haki yake, halina majaji wa kutosha kusikiliza kesi tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani imezuia uteuzi wao. Anayeshindwa katika ngazi ya chini anaweza kukata rufaa kwenye chumba kisicho na mtu, na kesi ikalala huko. Wapo wanaofurahia, wakidhani kwamba kuvunjika kwa utandawazi kutawapunguzia mzigo wadogo. Mimi naogopa. Mwaka 1930 walioumia kwanza hawakuwa wale waliopandisha ushuru peke yao, na mahali pasipo na kanuni mwenye nguvu ndiye kanuni.

Kwa hiyo macho yangu yako kwenye meza mpya. Kwa miongo kadhaa makampuni makubwa yamehamisha faida kwenye nchi zenye kodi ndogo, na kanuni za kodi ya kimataifa zimeandikwa zaidi katika shirika la nchi tajiri lenye makao yake Paris. Huko, mwaka 2021, nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kima cha chini cha asilimia 15, makubaliano ambayo baadhi ya nchi, zikiwamo Nigeria na Kenya, zilikataa kujiunga nayo wakati huo. Mwaka 2023 kundi la nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa, Nigeria ikilizungumzia, lilipendekeza kwamba kanuni hizo zijadiliwe mahali ambapo kila nchi ina kura moja. Nchi tajiri nyingi zilipinga. Azimio likapita kwa kura nyingi, na mazungumzo ya kuandika mkataba wa kodi wa kimataifa yamepangwa kukamilika mwaka 2027. Nyaraka zake zinachapishwa, na hazihitaji kibali cha mtu kuzisoma. Nawaomba wanafunzi wa uchumi na wa sheria walio hapa wazisome kabla hazijatiwa saini, kifungu kwa kifungu, na kila watakapokuta neno «faida» waulize inahesabiwa wapi.

Asanteni kwa kunisikiliza.